Mjomba Anajibu: Ndoa Imeingia Moshi

*Mjomba, shikamoo. Mume wangu ni mpishi msaidizi katika hoteli moja ya ufuoni Diani. Tangu aonje sosi ya chipotle huko kazini, kila nikimwekea chakula ananusa kwanza, kisha anasema, "Hakina moshi." Nimeulizia kopo lake dukani, bei yake ni ya kuku mzima. Nifanyeje? – Mke wa Mpishi, Ukunda*

Marahaba, mpwa wangu. Umefanya la busara kuniandikia mimi na si hao mashangazi wa magazeti ya mjini, ambao kila tatizo hulijibu kwa "keti naye mzungumze". Mzungumze nini? Mtu anataka moshi. Isitoshe, huku kwetu Udigoni tangu zamani ukoo ulihesabiwa kwa upande wa mama, na mali ya mtu ilirithiwa na mtoto wa dada yake. Kwa hiyo mjomba ndiye mwenye neno la mwisho, na shangazi ni mgeni mheshimiwa aliyekuja kula. Mila hiyo sikuitunga mimi, ingawa ningeitunga ingekuwa hivyo hivyo.

Wapishi wa hoteli nawajua. Mimi mwenyewe ningekuwa mpishi mkuu wa hoteli yoyote kuanzia Tiwi hadi Galu, ila zile kofia zao ndefu haziniingii kichwani. Samaki wangu wa kupaka ana sifa hadi ng'ambo ya feri. Nilikuwa na jirani asiyenisalimia kwa sababu ya mpaka wa shamba. Siku moja nikachoma changu, nikampaka tui mara tatu, upepo wa kusi ukafanya kazi yake, na jirani akatokea uani akiwa na sahani yake mkononi. Mpaka tukausogeza. Tuliusogeza kwa upande wake, lakini amani ilipatikana.

Sasa, hiyo chipotle anayoiimba mumeo ni nini? Ni pilipili ya Meksiko iitwayo jalapeno, iliyoachwa shambani mpaka ikawa nyekundu, ikachumwa, ikabanikwa kwa moshi hadi ikakauka. Basi. Jalapeno ina nyama nene. Ukiianika juani huwahi kuoza kabla ya kukauka, ndiyo maana watu wa kule, tangu Columbus hajapotea njia akaangukia Amerika, walikuwa wakiiweka juu ya moshi. Kilo kumi mbichi zinatoa kama kilo moja kavu. Bei ya kuku inatoka hapo: ni hesabu ile ile ya papa mkavu, unalipia na maji yaliyokwenda.

Watu wa Meksiko nawaheshimu. Lakini mumeo asijione amegundua kitu. Pilipili ilitufikia pwani hii zamani kwa merikebu za Wareno, hao hao waliotia nanga Malindi 1498, wakaichoma Mombasa 1505, na kuanzia 1593 wakatujengea Ngome bila kuulizwa. Walipotolewa humo 1698 walisahau nyuma pilipili, mahindi, mananasi na mikorosho. Nikipiga hesabu naona bado wanadaiwa, ila kila nikila korosho nawapunguzia kidogo.

Tuingie jikoni. Jalapeno usiihangaikie. Nenda sokoni Ukunda au Kombani, nunua pilipili ndefu nyekundu, zilizoiva kabisa. Ngozi yake ni nyembamba, itakauka upesi. Mama muuzaji akikuuliza nani amekutuma, nitaje. Bei haitashuka, lakini nami nitakuwa nimetajwa sokoni.

Moshi ndiyo elimu yenyewe, na elimu hiyo inaishi kwangu. Ule utamu wa harufu hutoka kwenye lignini, gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mti. Ikiungua polepole hutoa harufu ya kumrudisha mume nyumbani. Ikiungua kwa fujo hutoa masizi. Na je, ni kitu gani kimejaa lignini hapo uani kwako, unachokichoma kila magharibi kufukuza mbu? Makumbi ya nazi! Umekuwa ukiwafukizia mbu chipotle miaka yote hiyo.

Roweka makumbi, washa jiko la makaa, subiri makaa yafifie, kisha weka makumbi juu yake yatoe moshi bila kuwaka. Pasua pilipili kwa urefu, toa mbegu, zipange juu ya wavu ulioinuliwa mbali na moto, funika kwa karai kuukuu, acha upenyo. Moshi uwe mwembamba. Ukiona unatoka mzito, wa kijivu, kama wa matatu mbovu inayopanda Kwale, ujue pilipili itakuwa chungu, na uchungu huo hauondoki hata kwa sukari. Anza baada ya chai ya asubuhi. Ikifika alasiri zitakuwa zimesinyaa na kuwa na rangi ya tende.

Kuna vitu usivichome. Mbao zilizopakwa rangi au dawa, hapana. Maganda ya korosho, hapana kabisa: yana mafuta yanayobabua ngozi, na moshi wake hubabua vilevile. Mikoko ya Gazi usiisogelee na panga. Tangu 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanauza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko hiyo, kupitia mradi wao wa Mikoko Pamoja, na pesa zimeingia kwenye maji na shule. Huwezi kuwanyang'anya watoto maji ili mumeo apate sosi. Na katika msitu mtakatifu wa Kaya Kinondo usitoe hata kijiti. UNESCO waliziingiza kaya za Mijikenda kwenye orodha ya urithi wa dunia 2008, lakini mimi UNESCO siwaogopi, nawaogopa wazee wa kaya.

Pilipili zikishabanikwa, zianike kwenye ungo siku mbili tatu mpaka ukizikunja zinavunjika. Usifanye kazi hii wakati wa masika, zitaota ukungu, na pilipili yenye ukungu inatupwa, haifutwi. Tatizo la kuanika Ukunda na Diani unalijua: kima na nyani. Mbega asikutie hofu, yule ni mla majani, mtu wa heshima. Yale madaraja yanayoning'inia juu ya barabara ya Diani, watu wa Colobus Conservation waliyatundika ili mbega wavuke bila kugongwa na magari. Majirani zangu wanashikilia kwamba yalitundikwa ili wawahi harufu ya jikoni kwangu. Mimi sibishani na majirani. Ama kima, dawa yake ni moja: keti kando ya ungo ukiwa umevaa kofia ya mpishi ya mumeo, uwasomee safu hii kwa sauti. Nimeijaribu bila kofia. Walikaa kimya mpaka mwisho, na mmoja alionekana kutaka kuuliza swali.

Ulaini sasa. Hotelini wanatia mayonesi au malai, kwa kuwa wageni wao wamezoea hivyo. Sisi tuna tui. Kuna watu duniani wanaokata tikiti ya ndege ili waone mnazi tu, nawe mnazi unakuangushia nazi juu ya bati usiku. Mumeo ndiye akune nazi. Mtu aliyekaa juu ya mbuzi hana nafasi ya kunusa vyakula vya watu.

Na jambo jingine, maana nikianza siwezi kuachia hapa. Meksiko wana mbegu nyekundu wanazotia katika viungo vyao, mbegu za bixa. Hizo hizo zinalimwa Shimba Hills na Lunga Lunga. Tunazivuna, tunaziuza kiwandani zote, zikatie rangi siagi na jibini za watu, kisha tunakwenda dukani kununua rangi ya chakula kwenye kikaratasi. Niliwahi kulisema hili katika mkutano wa kijiji. Walinipigia makofi kabla sijamaliza, wakaendelea kupiga mpaka nikaketi. Ndivyo ninavyopendwa.

Mhariri ameshakohoa mara mbili, kwa hiyo haraka haraka. Pilipili kavu sita, loweka kwenye maji ya moto zilainike. Korosho mbichi zilizomenywa, kiganja kimoja, nazo ziloweke. Nyanya mbili na punje nne za kitunguu saumu, choma kwenye makaa mpaka maganda yaungue, menya. Saga vyote pamoja na bizari nyembamba nusu kijiko, chumvi, na vijiko viwili vya maji mazito ya ukwaju. Ukipata bixa, pasha mbegu kijiko kimoja ndani ya mafuta kidogo, mafuta yakiwa mekundu zitoe. Kaanga rojo lako humo kwa moto mdogo mpaka mafuta yaelee. Tia tui la kwanza la nazi moja, koroga bila kuacha, usifunike, wala lisichemke kwa nguvu. Tui likichemshwa ovyo hukatika, likabaki maji huku na mafuta huku. Epua, ndipo ukamue ndimu. Mpakie kuku, samaki, muhogo wa kuchoma, hata mkate wa jana. Sosi ya tui haivumilii joto letu, kwa hiyo ile siku hiyo hiyo, au iwekwe kwenye friji iliwe ndani ya siku tatu. Akinusa tena akasema hakina moshi, mhamishie mkeka upande moshi wa jiko unakoelekea, ale huko.

*Mjomba, nimepasua pilipili mbuzi kwa mikono mitupu kisha nikajipangusa jicho. Nisaidie upesi! – Naungua, Msambweni*

Mpwa wangu, barua yako ilifika nikiwa arusini Vanga, nilikokuwa mgeni rasmi ingawa mwenye arusi hakuarifiwa. Natumai sasa umepoa. Kwa faida ya watakaoungua wiki hii: jicho lisafishwe kwa maji safi mengi, yanayotiririka, robo saa bila kukata tamaa, na likiendelea kuuma nenda zahanati. Usitie maziwa jichoni, wala mafuta. Mikono ndiyo ya mafuta. Ule ukali hauyeyuki katika maji, unayeyuka katika mafuta, kwa hiyo jipake mafuta ya kupikia kwanza, sugua, kisha sabuni. Kinywa kikiwaka, kunywa maziwa au mtindi. Maji yanausambaza tu.

Na nani alikuambia pilipili mbuzi? Mwaka 1912 mfamasia Mmarekani, Wilbur Scoville, alitunga kipimo cha ukali. Alichanganya dondoo ya pilipili na maji ya sukari, akayaongeza na kuyaongeza mpaka waonjaji wake wasiusikie ukali tena. Katika kipimo hicho jalapeno iko kati ya 2,500 na 8,000. Jamii ya pilipili mbuzi huvuka 100,000. Ukiibadilisha moja kwa moja, pilipili kwa pilipili, hutakuwa umepika sosi, utakuwa umetangaza vita. Bwana Scoville hakuniita kuonja, kwa udhuru kwamba sikuwa nimezaliwa. Ningekuwepo ningemwokolea sukari. Mimi naila na muhogo, naangalia bahari, na nikitokwa na machozi watu wanafikiri nakumbuka jambo.

*Mjomba, nataka kuijaza sosi hii kwenye chupa niwauzie watalii. Niipe jina gani? – Tajiri Mtarajiwa, Tiwi*

Jina ni "Mjomba". Sijui kwa nini umeuliza.

Ila sosi yenye tui usiiweke chupani ukaizungusha ufuoni juani. Itachacha, chupa itafura, na mtalii ataugua kabla hajalipa. Uza rojo la pilipili peke yake: pilipili za moshi, saumu, chumvi na siki nyingi. Ule ukali wa siki ndio unaolinda. Kwenye karatasi ya chupa andika mnunuzi aongeze tui au malai mwenyewe kwake. Kabla ya kuuza, kapimwe na watu wa afya wa kaunti, upate kibali, kisha uwafuate KEBS, wale watu wa viwango, kwa alama ya ubora, maana chupa isiyo na alama hiyo duka la maana halitaipokea. Picha yangu ipigwe kutoka upande wa kushoto, asubuhi, kabla jua halijawa kali. Asilimia zangu tutazungumza ana kwa ana. Njoo na nazi mbili, na usije saa ya kulala mchana.