Jinsi ya Kushindwa na VPN Nyumbani kwa Heshima Zako Zote

Mkutano ni saa tatu. Tangu saa mbili VPN inaandika "inaunganisha", na kale kaduara kanazunguka kama anayetafuta ufunguo aliokwisha kuupoteza. Usihangaike. Mwongozo huu umeandikwa na mtu aliyeshindwa wiki tatu mfululizo, na ukiufuata hatua kwa hatua, nawe utashindwa bila kuonekana mvivu.

Kwanza tuelewane. VPN ni kama handaki: kompyuta inafunga barua zako ndani ya bahasha yenye lakiri, bahasha inapita kwenye intaneti ya watu wote, ofisini wanaifungua. Ruta ndiye bawabu wa geti lako. Akiona bahasha asiyoielewa anaitupa, wala hakwambii.

Hatua ya 1: Zima, washa. Chomoa ruta, chomeka. Usingoje taa zitulie. Taa ya kijani ikianza tu kupepesa, chomoa tena. Saa usiitazame. Ruta nyingi za nyumbani hazina betri ya kutunza saa. Umeme ukikatika, zinaamka zikidhani tuko mwaka wa zamani, hadi zipate saa sahihi mtandaoni. Kama VPN umeiweka ndani ya ruta yenyewe, itakagua hati ya usalama ya ofisi, ione kwamba "haijaanza kutumika bado", na ikatae. Wewe endelea kuchomoa.

Hatua ya 2: Tafuta mchawi. Jirani anaiba waifai. Watoto wameshikilia katuni. Papa ametafuna nyaya baharini. Hili la nyaya lina heshima yake, maana tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipata hitilafu chini ya bahari, na intaneti ya Afrika Mashariki ikajikokota. Ila siku ile kila kitu kilisuasua. Leo katuni zinacheza bila kukwama na VPN peke yake ndiyo imenuna, kwa hiyo papa hahusiki. Mlaumu hivyo hivyo.

Na usithubutu kuunga kompyuta kwenye intaneti ya simu ili ujaribu VPN huko. Ikikubali, utajua kosa liko kwenye ruta, na utamu wote wa kulaumu utakwisha ndani ya dakika mbili.

Hatua ya 3: Fungua milango yote. Wahenga walisema kila mlango na ufunguo wake, nao walikuwa hawajaiona ruta. VPN ya aina ya IPsec hupita mlango wa 500 na wa 4500. OpenVPN imezoea 1194. WireGuard hupenda 51820, na ukiikosea ufunguo haikutukani wala haikuonyi. Inanyamaza kama mkwe aliyeudhika. Ingia kwenye ruta, fungua milango hiyo yote kuelekea ndani. Haidhuru kwamba wewe ndiye unayetoka kwenda ofisini, wala hakuna mgeni anayekuja kwako.

Kama seva ya VPN iko kwako kweli na wageni ndio wanaokuja, angalia anwani ambayo ruta imepewa na kampuni ya mtandao. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, unaishi kwenye ghorofa lenye geti moja kwa wapangaji wote. Fungua mlango wa chumba chako usiku kucha; geti la chini ufunguo wake anao mwenye nyumba.

Hatua ya 4: Piga huduma kwa wateja. Sikiliza muziki mpaka uujue kwa moyo.

"Habari ya asubuhi, kaka. Taa ya ruta ina rangi gani?"

"Kijani, dada yangu."

"Intaneti inafunguka?"

"Inafunguka. VPN ndiyo inagoma."

"Sawa kaka. Zima, subiri sekunde thelathini, uwashe."

Rudi hatua ya 1.

Hatua ya 5: Ikiungana, shangilia mapema. Ujumbe mfupi unapita, salamu zinapita, lakini faili la kurasa arobaini linaganda. Furushi la kawaida la mtandao lina baiti 1500. Laini ya PPPoE inakata 8, zinabaki 1492. Juu yake VPN inaongeza bahasha yake. Ni fuso lililopakiwa magodoro hadi juu, likitaka kupita chini ya daraja fupi: pikipiki zinapita, lenyewe linakwama. Dawa ni kupunguza shehena, yaani kushusha MTU ya VPN hadi 1400 hivi, ujaribu tena. Usiishushe. Mwambie bosi faili "linapakia".

Hatua ya 6: Kamwe usimwite kijana wa mtaani. Mimi nilikosea hapa. Alikuja na ndala, akakataa kiti, akauliza swali ambalo kwa wiki tatu sikuwa nimejiuliza: "Bro, inakwama kabla ya kuingia, mlangoni, au ukishaingia?"

Nikatazama. Kumbe ilikuwa inaingia siku zote. Baada ya kuingia ndipo seva ya ofisi ilikuwa haionekani.

Akafungua ukurasa wa ruta, akacheka. Nyumbani kwangu anwani zote zinaanza na 192.168.1. Ofisini nako 192.168.1. Seva yenye mafaili yetu ni 192.168.1.20; sebuleni kwangu, 192.168.1.20 ni televisheni. Viwanja viwili, namba moja. Kila nilipoomba ripoti ya mwezi, kompyuta haikujisumbua kuingia handakini. Ilikwenda kubisha hodi kwenye televisheni, nayo ilikuwa inaonyesha katuni.

Akabadilisha ile 1 ya nyumbani ikawa 77, akaiwasha ruta upya mara moja tu, akangoja taa zitulie. Ripoti ikafunguka kabla hajamaliza soda.

Jioni mke wangu akauliza, "Baba Neema, tatizo lilikuwa nini hasa?"

Nikaitazama televisheni, nikaitazama ruta.

"Papa," nikamwambia.