Rula Ampima Mhimili

"Shikamoo, mzee Rula," alisema Mhimili wa 2022, kifua mbele, kutoka kwenye bango la idadi ya watu wa Tanzania. "Nitazame nilivyompita kaka yangu wa 2012. Mara nne na ushee!"

"Marahaba. Nimekupima, mwanangu, na urefu huo si wako. Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 44.9, ya 2022 ikahesabu milioni 61.7. Ongezeko ni kama asilimia 37. Si haba, lakini halifiki hata mara mbili. Aliyekuchora alianzisha skeli kwenye milioni 40, kaka yako akabakiwa na milioni 4.9 za kujionyesha, wewe 21.7. Amewakata miguu nyote wawili, kisha akakusifu wewe kwa urefu. Na mhimili hauna kauli nyingine ila urefu wake."

"Lakini tarakimu zimeandikwa, mzee, tena kwa wino mweusi. Asiyesoma ajilaumu."

"Kama tarakimu zingetosha, lingechorwa jedwali nawe usingezaliwa. Jicho hutangulia kusoma. Mwaka 1984 Cleveland na McGill, watakwimu wa Marekani, walionyesha kuwa watu hukadiria vizuri zaidi vitu vilivyopangwa kwenye skeli moja kuliko pembe." Chati Duara, aliyevalishwa rangi tisa na unene wa keki, alijifanya hakusikia. "Unaaminika kuliko huyo, ndiyo maana uongo wako unadhuru zaidi."

"Basi na homa ichorwe kuanzia sifuri? Mgonjwa wa nyuzi 40 na mzima wa 37 wataonekana sawa, daktari amruhusu aende zake!"

Hoja hii ina uzito, na wanaohubiri sifuri hupenda kuiruka. Rula hakuiruka. "Homa huchorwa kwa mstari, na mstari husomwa kwa kupanda na kushuka kwake. Unaweza kuanzia 35, mradi skeli iandikwe wazi. Hata mchora chati William Playfair, katika atlasi yake ya 1786, alitumia mihimili kwa biashara ya Uskoti kwa kuwa alikuwa na takwimu za mwaka mmoja tu. Za miaka mingi alizichora kwa mistari. Ruhusa ya mstari usijitwalie wewe."

"Nikirudi sifuri, bosi aliyeniagiza atanitambua kweli?"

"Hilo kamuulize yeye. Urefu wako wa haki ni asilimia 37 zaidi ya kaka yako, basi."