Kitambi Hakijui Jumamosi

Rumonge, kama Burundi nzima, afya imepewa siku yake, na siku hiyo ni Jumamosi. Kukipambazuka tu, vikundi vinaingia barabarani vikiimba na kupiga makofi: vijana mbele, na nyuma yao akina baba waliovuka miaka arobaini na mitano, wamebanwa na traksuti walizozinunua enzi za wembamba wao. Wala si jambo la kudharau. Mwaka 2014 serikali ilipiga marufuku mbio za vikundi katika barabara za Bujumbura kwa hofu kwamba zinatumiwa kisiasa, na wakimbiaji wakaelekezwa kwenye viwanja maalumu. Ni nchi chache ambako mtu mwenye kitambi, tena anayehema, amewahi kuhesabiwa tishio kwa dola. Rais wa wakati huo, Pierre Nkurunziza, alikuwa mwalimu wa michezo kabla ya kuingia siasa, na hata ikulu aliendelea kusakata kandanda na timu yake ya Haleluya. Hatuwezi kudai kwamba tulikosa mfano. Nchi inakimbia. Kinachonishangaza ni kwamba vitambi navyo vinakimbia, vinafika salama, na Jumamosi inayofuata vinarudi vikubwa zaidi.

Nionavyo mimi, mtu wa makamo wa Rumonge si mvivu ila hesabu inamshinda. Tuipige basi. Mwanaume wa kilo themanini na tano akikimbia polepole kwa saa nzima, huku akisimama hapa na pale kufunga kamba za viatu ambazo hazikufunguka, atatumia kalori kama mia tano au mia sita. Mbio zikiisha watu hawatawanyiki, wanahamia kivulini, kwa sababu ni aibu kuachana bila kupongezana. Bia ya Primus, chupa kubwa ya sentilita 72, ina kalori zinazokaribia mia tatu, na pongezi za chupa moja hazijawahi kusikika mwambao huu. Chupa ya pili ikiisha, saa nzima ya jasho imekwisha kulipwa yote. Bado brosheti za mbuzi. Bado ndizi za kukaanga. Bado samaki mukeke aliyechomwa, ambaye peke yake hana kosa lolote, lakini amekuja na wenzake. Ndugu zangu Waislamu, ambao Rumonge ni wengi, wasicheke mapema: chai ya vijiko vinne vya sukari, mandazi matatu na Fanta moja ya baridi hufika kulekule, tofauti ni kwamba mtu anafika akiwa na akili timamu.

Hapo kuna atakayetaja mawese, na lazima tuyataje, maana mji huu ndio kitovu cha michikichi ya nchi na kuyasema vibaya ni sawa na kutukana ukoo. Sitayatukana. Mawese mekundu yasiyochujwa yana karotini, ambayo mwili huigeuza vitamini A, na watoto wetu wanaihitaji. Lakini karibu nusu ya mafuta yake ni yale mazito, yasiyopendwa na mishipa ya moyo, na kijiko kimoja cha chakula kina kalori zipatazo mia moja na ishirini. Taabu inaanza pale kipimo cha jikoni kinapokuwa jicho, na jicho la Rumonge limezaliwa katikati ya mapipa. Isombe, kisamvu chetu, inaelea, maharage yanaogelea, na ndagala waliotoka ziwani wanarudishwa ziwani kwa mara ya pili.

"Lakini babu alikula mawese maisha yake yote, akafikisha miaka tisini!" Hoja hii haikosi katika meza yoyote, na mwenye kuitoa huwa ameshika brosheti mkononi. Babu alikula mawese, kweli. Alisahau tu kuwaambia wajukuu kwamba shamba lake lilikuwa juu, kwenye miteremko ya Mumirwa, na kila tone alilopata alilipanda na kulishukia kwa miguu. Sisi tumerithi chungu, mlima tukawaachia wengine. Isitoshe, mabingwa wa miaka tisini tunawasikia kwa sababu walibaki kusimuliwa. Wenzao walioanguka wakiwa na hamsini na mbili hawatajwi kwenye mabishano, na vifo vyao viliitwa kurogwa.

Kwamba mlima ndio uliomlinda babu si dhana yangu tu. Mwaka 1953 daktari Mwingereza, Jerry Morris, na wenzake walichapisha uchunguzi kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na konda walikuwa basi moja, mji mmoja. Dereva alikaa siku nzima. Konda alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Ugonjwa wa moyo uliwapata madereva zaidi kuliko makonda. Konda hakuwa na kocha, hakuvaa traksuti wala hakupongezwa na mtu. Rumonge makonda wetu ni akina mama wanaoinama kutwa kugeuza ndagala juani, na vijana wanaosukuma baiskeli zenye madumu ya mawese kuelekea Bujumbura. Madereva ni sisi wa ofisini, wenye maduka, na, tusiwabague akina mama, hata yule mwenye genge ambaye kila akitaka kitu humtuma mtoto.

Nitaulizwa: je, unamwonea wivu msukuma baiskeli? Hapana. Anachoka kupita kiasi, mgongo unamuuma, halali vya kutosha, na akiugua hana siku ya kupumzika. Kumgeuza kielelezo cha afya ni dharau ya mtu aliyeshiba. Kazi ngumu bila chakula na bila pumziko inachakaza. Ninachomwomba atuazime ni kimoja tu, nacho ni kila siku. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kuharakisha kidogo, pamoja na siku mbili za kutumia misuli kwa nguvu. Gawa kwa saba: dakika ishirini na mbili hivi kwa siku. Huo ni mwendo wa kwenda sokoni na kurudi bila kumwita mwenye pikipiki. Zile hatua 10,000 ambazo simu zinatudai kila jioni zilianzia kwenye jina la kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Lilikuwa tangazo la biashara kabla halijawa wasia wa madaktari.

Jumamosi yenye pupa ina hasara nyingine, nayo ni mechi ya maveterani. Kuanzia miaka ya thelathini misuli huanza kupungua taratibu, kila muongo kiasi chake, lakini akili hupunguza kumbukumbu kwa kasi ndogo zaidi. Ndiyo maana mtu wa miaka hamsini anaona mpira uko hatua tano mbele, anatoa amri, na amri inafika gotini ikiwa imechelewa. Anakwenda chini na hakuna aliyemgusa. Refa anaangaliwa, nyasi zinaangaliwa, viatu vya mtumba vinalaumiwa. Mwaka wa kuzaliwa hautajwi. Kisha wiki tatu za kuchechemea, ambazo ni wiki tatu za kukaa, ambazo ni kilo mbili. Sisemi kwamba hamsini ni uzee. Pale Mugere, kwenye barabara hii hii ya Bujumbura, liko jiwe la ukumbusho wa Livingstone na Stanley, waliofika hapo Novemba 1871, na Livingstone alikuwa na miaka 58. Wala sisemi afuatwe: alifariki mwaka 1873.

Wengine watajitetea kwamba miaka hii ya uhaba wa mafuta ya magari imetutembeza vya kutosha. Imewatembeza waliokuwa wakitembea. Mwenye gari alilala ndani ya gari kwenye foleni ya kituo, akala ndani ya gari, akatuma mtu amletee mkate. Utetezi uliobaki ndio mkongwe kuliko yote: kitambi ni heshima, mwembamba nani atamkopesha? Nakubali heshima ni mali. Lakini madaktari wanasema kiuno cha mwanaume kikipita sentimita 94 hatari ya magonjwa ya moyo na kisukari inaongezeka, na kikipita 102 inaongezeka sana. Ujanja wa kufungia mkanda chini ya tumbo, ili mtu aendelee kutangaza saizi ya suruali aliyoolea, hauingii katika vipimo hivi. Utepe unapitishwa tumboni.

Jumamosi isifutwe. Nyimbo zile ni nzuri, na mtu anayekimbia na jirani yake ana nafasi ndogo ya kumsengenya. Ila aliyevuka arobaini na kukaa miaka bila mazoezi, kabla hajanunua raba, apite kwenye kituo cha afya apimwe presha. Anakaa, anatulia, mkono unafungwa, dakika chache zimeisha. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, arudie kupimwa siku nyingine na amsikilize mganga. Barabara akaitembee Jumatatu, Jumanne na Jumatano, na pongezi ziwe glasi ya maji.