Mzee Wetu na Utayari Wake

Wako watu ambao maafa madogo madogo ya kila siku huwafika kwa sababu ya uzembe: husahau ufunguo ndani ya nyumba, hukosa basi, huacha maziwa yakachemka mpaka yakazima moto, na kwa ajili ya hao wahenga wametuwekea akiba ya mithali isiyokwisha. Mwenye pupa naye ameonywa ya kutosha. Walakini sijapata kusikia mithali hata moja inayomhadharisha mtu aliye tayari kupita kiasi, yule ambaye hana haraka wala pupa ila ametangulia tu. Na mtu wa namna hiyo ndiye aliyetulea, huko kwetu Bahati, nje kidogo ya Nakuru, ambako asubuhi za Julai ukungu na baridi huwafanya wenye akili wabaki kitandani, ilhali sisi tulikuwa tumekwisha kupangwa mstari uani, mguu pande, mguu sawa, tukingoja siku ianze.

Baba aliandikwa askari mwaka 1954 katika King's African Rifles, jeshi ambalo watu wa kwetu waliliita keya. Alikuwamo safuni tarehe 12 Desemba 1963 bendera ilipobadilika na vikosi vile vikawa Kenya Rifles. Na alipostaafu katika miaka ya sabini alikuwa sajini mwenye pensheni, filimbi, na itikadi moja tu. Itikadi hiyo aliipokea kwa mwalimu wake wa gwaride, mkongwe aliyepigana Burma mwaka 1944 katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoteremka bonde la Kabaw katikati ya mvua zisizokatika na tope la kumeza magurudumu. Naye aliwafundisha makruta kwamba adui wa kwanza wa askari ni maji, wa pili ni saa, na Mjapani ni wa tatu. Kwa kuwa Mjapani hakuonekana tena, baba aliyatumia maisha yake yote kupigana na wale wawili waliobaki, na uwanja wa vita ukawa nyumba yetu.

Ahali yake aliipenda kwa dhati, nalo si jambo la kutilia shaka, maana mtu hawezi kuipima kwa shubiri mikunjo ya blanketi la mtoto kila Jumamosi asipokuwa na mapenzi naye. Ukaguzi huo ulianzia vitandani, ukapita kucha na masikio, ukaishia viatuni. Siku moja alijaribu kulikagua na jiko. Mama, pasipo kusema neno, akamtilia mkononi kisu na vitunguu, na sajini akamenya huku machozi yakimtoka, kisha akaondoka kwa taadhima. Tangu siku hiyo mpaka baina ya dola hizo mbili haukuvukwa.

Siku tuliyosafiri kwenda Mombasa, gari la moshi la Nairobi lilikuwa la magharibi, basi baba akatufikisha stesheni ya Nakuru baada tu ya chakula cha mchana. Mabehewa yalikuwapo yamesimama, nayo karibu matupu. Baba akatupandisha, akatugawia nafasi dirishani, akatueleza kwamba atanguliaye ndiye achaguaye uwanja. Hakumwuliza mtu, kwani askari haulizi njia katika nchi aliyokwisha kuilinda. Gari likaondoka mapema kuliko ilivyotazamiwa, jambo lililompendeza mno, akalisifu hadharani. Tulikuwa tumekwisha kukiacha kituo nyuma yetu alipoanza kulitazama jua. Jua la alasiri, kwa mtu aendaye Nairobi, halina budi kumwangaza kisogoni. Hili lilikuwa likitumulika machoni.

"Mama watoto," akasema polepole, kwa sauti ya mtu atoaye taarifa, "tunaelekea magharibi."

"Nayo Mombasa," mama akauliza, "imehamia huko lini?"

Ajuaye reli zetu amekwisha kuyafahamu yaliyotupata. Pale Nakuru njia hugawanyika, moja ikapanda kwenda Eldoret na Uganda, na ya pili ikashika Njoro, Molo na Londiani hata kufika Kisumu. Nasi tulikuwa katika hiyo ya pili, tukiwa tumekaa vizuri, dirishani. Tukashuka Njoro. Baba akatupanga kwa vimo, sanduku kubwa mbele na birika nyuma, akatamka kwamba hatukupotea, bali tunarudi nyuma kwa mpango, na kwamba majeshi makubwa yote ya dunia yamepata kufanya hivyo. Lori lililopakia magunia ya pareto kavu likatuhurumia. Tulipanda juu ya magunia, tukapiga chafya njia nzima, na maadamu maua hayo ndiyo hutengenezewa dawa ya kuulia wadudu, nadhani hakuna jamaa iliyopata kuingia Mombasa ikiwa imetakasika viroboto kama yetu. Kwani Mombasa tulifika. Tuliteremka stesheni ya Nakuru tukiwa na nafasi ya kunawa, kunywa chai, na kulingoja gari la haki. Na baba, akijikung'uta vumbi la pareto mabegani, akatuuliza kwa furaha ni jamaa gani nyingine, ikiisha kupotea hata Njoro, ingaliwahi safari yake.

Hapo ndipo nilipoanza kuielewa hesabu yake. Utayari wake ndio uliotuingiza taabuni, na utayari uo huo, kwa saa zile alizokuwa ameziweka akiba, ndio uliotulipia deni.

Handaki nalo lilikwenda mwendo ule ule. Baba alikuwa amestaafu karibuni, na mikono yake ilikosa kazi. Mwezi wa Februari, ardhi ikiwa kavu na mbingu haina hata wingu, akaizungushia nyumba yetu handaki la kimo cha kiuno, kingo zake zimenyooka kwa kamba, ili mvua za masika zitakapokuja Machi na Aprili zisimkute kama zilivyowakuta wale wa Kabaw. Mama alimkumbusha kwamba washenga wa dada yetu mkubwa wangekuja jioni ya Jumamosi kuleta posa. Baba akajibu kwamba ameweka ubao wa kuvukia, nao ulikuwapo kweli. Ila ulikuwa upande wa nyuma, kwa sababu ubao wa mbele huweza kutumiwa na adui.

Wageni walichelewa, kama wageni wote wenye adabu, wakafika giza likianza kuingia. Tulisikia kishindo, kisha ukimya. Baba akatoka na kurunzi.

"Simama! Nani huyo?"

Sauti ya mzee ikajibu kwa upole kutoka chini ya ardhi: "Ni wageni wako, mkwe wetu. Na humu ndani, kusimama ndiko tulikobakiwa nako."

"Sogeeni mmoja mmoja mtambulikane."

"Nitasogea, ukinipa mkono."

Nawaambia kweli, mashauri ya mahari yaliyofuata usiku ule yalikuwa mazito. Baba alilinda kila mbuzi na kila blanketi kama ngome, hata ilipofika zamu ya wazee wale, msemaji wao, ambaye goti lake lilikuwa limewekwa juu ya kigoda na kusuguliwa samli, akadai kwa utaratibu kabisa kwamba goti hilo nalo lihesabiwe. Baba alifikiri, akaliona dai ni la haki, akakata mbuzi mmoja. Dada yetu ameolewa na kukaa salama, na hata leo akikasirikiwa na mumewe humkumbusha kwamba alipatikana kwa bei ya kupunguziwa. Masika yalipokuja, viambo vya jirani vilijaa maji; nyumba yetu haikuingiwa na tone. Maji yote yalifuata handaki kwa nidhamu ya ajabu, yakaenda kumwagikia banda la kuku, ambao hakuna aliyewapangia ulinzi, wakalala darini mwezi mzima.

Lipo jambo moja tu ambalo itikadi ya baba haikuweza kulitafsiri, nalo ni kuzaliwa kwangu. Wakati huo yeye alikuwa kambini Lanet, katika kikosi cha 11 cha Kenya Rifles, naye mama alikuwa amekwenda kujifungulia kwa wazazi wake Subukia. Baba, kama desturi yake, aliomba ruhusa mapema sana, akafika Subukia mwanzoni mwa Januari 1964, akangoja. Mimi sikuja. Kila alfajiri alimtaka mkunga atoe taarifa, na kila alfajiri mkunga alimtaka akateke maji. Siku za ruhusa zikaisha, akaomba nyingine, akapewa kwa shida. Na hivyo ndivyo ilivyotukia kwamba usiku wa tarehe 24 Januari, baada ya askari wa Tanganyika na wa Uganda kuasi wiki ile ile, sehemu ya askari wa Lanet nao walipovunja ghala la silaha kwa kinyongo cha mishahara na cha maofisa wa Kiingereza, sajini wa baadaye alikuwa ameketi karibu na mafiga ya mkwewe, amenipakata, akijaribu kunizoeza kulala kwa saa maalumu.

Aliporudi alikuta lango limeshikwa na askari wa Kiingereza. Akasimama mguu sawa, akataja jina na namba, akatoa karatasi ya ruhusa yenye muhuri. Wakaipekua mizigo yake, wakafungua kikapu, akatoka jogoo, zawadi ya mkwe, akawika mbele ya bunduki zote. Askari mmoja alikuwa ameuawa katika fitina ile, wengine wakashtakiwa katika mahakama ya kijeshi, na kikosi cha 11 kikavunjwa. Baba, aliyekuwa na karatasi yake, akahamishiwa kikosi kingine, akaendelea hata akaipata pensheni.

Basi mtu yule aliyeutumia umri wake wote kutangulia, kazi yake na heshima yake ziliokolewa na mtoto aliyechelewa, na jambo hilo hakulisamehe kabisa. Kila nilipochelewa, ikiwa ni shuleni, ikiwa ni shambani, hata siku ya arusi yangu mwenyewe, alinipokea mlangoni na saa mkononi, akavuta pumzi ya kutoa amri; na mama, toka jikoni, pasipo kuinua kichwa, alisema tu, "Januari." Hapo baba aliirudisha saa mfukoni, akaguna, akasema, "Haya, ingia."