Mwongozo wa Kulipisha Jiwe Njia

Ukifika Pyrgos Dirou, mji mdogo wa rasi ya Mani, kusini mwa Ugiriki, teremka hadi ghuba ya Diros, kwenye pango la Vlychada. Kata tiketi, vaa jaketi la kuokolea maisha, kaa kitako botini.

Kisha inama. Inama kabla hujaambiwa! Dari iko chini, na mpiga kasia amekemea vichwa vigumu tangu asubuhi. Stalaktiti iliyo mbele ya paji lako imeshuka tone kwa tone kwa maelfu ya miaka; wewe umeshuka kwenye basi sasa hivi. Wa kumpisha mwenzake anajulikana.

Mikono iwe mapajani. Mafuta ya kidole kimoja yanatosha kuizuia chokaa isigande tena pale ulipogusa. Ukingo wa boti nao uache, maana boti hupita ikisugua ukuta, na vidole haviingii kwenye bei ya tiketi.

Simu tia mfukoni, uchungulie majini. Humo zimo stalaktiti zilizozama, na stalaktiti haioti ndani ya maji: zilipokuwa zikishuka, bahari ilikuwa chini sana kuliko leo. Pangoni imepatikana pia mifupa ya kale ya fisi, chui na viboko. Naam, viboko, Ugiriki!

Boti huenda kama mita 1,200, zilizobaki unatembea. Ukitoka, wenzako watakimbilia kuogelea. Waache, wewe nenda makumbusho ya pango jirani, Alepotrypa. Wakulima wa Enzi ya Mawe walilitumia pango hilo hadi mlango ulipoporomoka, yapata 3200 KK. Mwaka 2015 ilitangazwa kwamba wachimbuaji wamekuta hapo mifupa ya mwanamume na mwanamke waliozikwa wamekumbatiana, yapata 3800 KK. Ukishayasoma hayo, tafadhali, usiendelee kumnunia mwenzako kwa sababu ya chaja iliyosahauliwa hotelini.

Jioni panda mjini ule. Wa nguruwe aagize syglino, nyama iliyokaushwa kwa moshi. Asiyemla ana zeituni na jibini za kumtosha. Mwenyeji akianza habari za wanawake wa Diros, waliowatimua askari wa Ibrahim Pasha, jemadari wa Misri, mwaka 1826 kwa miundu ya kuvunia, weka uma chini usikilize. Vizazi vyao vingali Mani, kwa hiyo bili usiibishie.