Kompresa Itaweka Sawa

Maprodusa wetu wapewe maua yao. Msanii anaingia studio na mafua, maiki imewekwa ubavuni mwa feni, honi ya bodaboda inapenya katikati ya ubeti wa pili, na produsa hana presha: "Wewe imba tu, tutaweka sawa kwenye miksi."

Anafungua kompresa, kile kifaa cha kubana sauti, anashusha kizingiti, anapandisha uwiano hadi 20 kwa 1, kisha anaikuza sauti yote kwa pamoja. Haki imetendeka. Kilichopaa kimeshushwa, kilichojificha kimeinuliwa. Feni sasa inaimba sambamba na msanii, na bodaboda imepata kolabo bila mkataba. Usawa wa namna hii hata Azimio la Arusha la 1967 halikuufikia.

Nawahurumia wazee waliorekodi Radio Tanzania. Bendi nzima inapiga kwa mkupuo mmoja, mpiga gitaa akiteleza mnaanza upya. Ndiyo maana walilazimika kufanya mazoezi, maskini.

Ughaibuni wapo walioelewa. Mwaka 2008 bendi ya Metallica ilitoa Death Magnetic, albamu iliyobanwa hadi mashabiki wakasaini ombi la kutaka imiksiwe upya. Wasio na shukrani hawakosekani. Spotify nayo, kwa roho mbaya tu, ukiipelekea wimbo wenye kelele hupunguza sauti yake ulingane na nyimbo za waoga walioacha ngoma zipumue.

Pesa ya maiki nzuri wala haikupotea. Ilikodi lile gari jekundu la kwenye video.