Zakayo Alishuka, Akarudisha

Acha nisonye kwanza, ndio niongee. Msyuu!

Jumapili imepita na mambo ni yale yale. Msafara wa magari unaingia uani mwa kanisa, kwaya inakatizwa, mheshimiwa anapelekwa kiti cha mbele, na bibi kizee aliyekuwa amekikalia anasogezwa. Punde kipaza sauti kiko mkononi mwake. Palipopaswa kusomwa Neno, yeye anamtukana mpinzani wake. Kisha bahasha. Vigelegele. Mchungaji anamwekea mikono, nasi tunarudi nyumbani tukisema ibada ilinoga. Jamani, ibada ya nani?

Hapa kijiweni tukianza kuhesabu maovu ya Kenya, kila mtu ana lake. Huyu analia na mavazi ya mabinti. Yule analia na simu. Mwingine anasema vijana wamekosa adabu tangu walipoingia Bunge Juni 25, 2024, naye hasemi neno juu ya waliopigwa risasi siku ile. Nawauliza: sensa ya 2019 si ilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 yetu ni Wakristo? Wimbo wetu wa taifa si ni sala? Katiba ya 2010 inamtaja Mungu mwanzoni kabisa, kisha inatenga Sura ya Sita nzima kwa uadilifu wa viongozi. Sasa anayekula hela ya dawa za hospitali ametoka nchi gani? Ni mtu wetu. Tulimbatiza wenyewe, na tukichangisha ujenzi wa kanisa, yeye ndiye mgeni wa heshima.

Kanisa la nchi hii liliwahi kuwa na ulimi. Mwaka 1988 tulipigishwa kura ya mlolongo, unasimama nyuma ya mgombea wako kila mtu akikuona, na mwenye foleni fupi anaweza kutangazwa mshindi. Viongozi wa makanisa walikuwa wameupinga mpango huo hata kabla ya uchaguzi. Askofu Henry Okullu, Askofu David Gitari, Askofu Ndingi Mwana a'Nzeki, Mchungaji Timothy Njoya: hao walimkemea mtawala akiwa na nguvu zake zote. Askofu Alexander Muge wa Eldoret alionywa na waziri Peter Okondo kwamba akikanyaga Busia hatatoka hai. Akaenda. Agosti 14, 1990, akiwa njiani kurudi, gari lake likagongana na lori la maziwa, akafa. Waziri akajiuzulu. Mwaka 1997 Njoya alipigwa hadharani kwenye kanisa kuu la All Saints, Nairobi. Watu hao walilipia kila neno walilolisema mimbarini.

Leo wangapi wanaweza kukemea? Utamwambiaje mtu kwamba ameiba, na mabati yaliyo juu ya kichwa chako ni yake? Nabii Nathani alimwendea mfalme Daudi na kumtajia dhambi yake usoni.

Lakini wapo waliokumbuka. Mwaka 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Anglikana aliwazuia wanasiasa kuhutubia makanisani. Novemba 2024 maaskofu Wakatoliki waliikosoa serikali waziwazi. Siku chache baadaye Rais alipeleka fedha katika parokia ya Soweto, Nairobi, na Askofu Mkuu Philip Anyolo akaagiza zirudishwe: shilingi milioni 2 za nyumba ya padri na laki 6 nyingine. Nilishangilia! Ilipofika Machi 2025, kanisa moja la Roysambu likaahidiwa na Rais milioni 20, na vijana wakawasha moto barabarani kwa hasira. Hao ndio tunaowaita wasio na adabu.

Mzee mmoja hapa akanidaka: kanisa si linahitaji paa? Linahitaji, mzee wangu. Lijengwe na mama mboga kwa shilingi hamsini yake, maana hamsini ile tunajua imetoka wapi. Anayepokea mshahara wa umma unaojulikana, kisha kila wikendi anagawa mamilioni, aulizwe ametoa wapi. Kuuliza hivyo hakumvunjii mtu heshima, na Mkristo akinyamaza anashiriki.

Wakenya walimbandika Rais jina la Zakayo kwa ajili ya kodi, wakaimba ashuke. Sawa. Ila someni hadithi hadi mwisho. Mtoza ushuru yule aliposhuka hakuitisha maombi ya kitaifa. Alitoa nusu ya mali yake kwa maskini, na aliowadhulumu akaahidi kuwarudishia mara nne. Hakupeleka fedha zile hekaluni ili asifiwe. Zilikuwa za kurudi kwa wenyewe. Hapo ndipo Yesu akatangaza kwamba wokovu umeingia nyumba ile. Sisi tuna viongozi wanaolia machozi mimbarini miaka nenda miaka rudi. Miaka ya tisini hazina ililipa mabilioni katika kashfa ya Goldenberg kwa madai ya uongo ya kuuza dhahabu na almasi nje ya nchi. Nitajieni mmoja aliyerudisha mara nne. Mmoja tu!

Na sisi tusijitoe. Mia mbili ya mgombea tumeipokea. Hamsini ya polisi wa trafiki tumeipitisha dirishani mwa matatu huku tukisikiliza nyimbo za injili. Tumempigia kura mwizi kwa kuwa anaongea lugha ya nyumbani.

Kwa hiyo mimi sitaki tena siku ya kufunga na kuomba isiyogusa mfuko wa mtu. Mchungaji, tangaza mbele ya waumini umepokea nini, kutoka kwa nani, kisha kirudishe. Mwumini, hesabu zikisomwa, simama uulize. Mheshimiwa, ukija kanisani karibu sana, keti popote penye nafasi, usikilize Neno kama sisi. Ukiguswa, usituletee bahasha. Peleka dawa hospitalini ulikozitoa.